Herufi Ukubwa wa Maharage

Ofisini walimwita Bwana Fonti, naye hakujua kuwa wanamdhihaki. Alidhani ni cheo.

Alikuwa karani wa takwimu katika ofisi ya maji, mtu wa miaka arobaini na moja, mwembamba, nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni ambazo hakuna hata moja aliyoiandikia. Kazi yake ilikuwa kujumlisha mita za maji za mji mzima na kuzitolea taarifa kila mwezi. Taarifa hiyo ilisomwa na mtu mmoja tu, mkuu wa idara, na huyo mkuu alisoma ukurasa wa mwisho. Lakini ilikuwa taarifa nzuri, jamani! Pambizo zimepimwa kwa nusu milimita, vichwa vya habari vimekaa kama mabibi harusi. Bomba moja la mtaa wa nyuma lilipasuka likamwaga maji miezi minne, na kila mwezi lilitajwa katika jedwali safi lisilo na mstari hata mmoja uliopinda. Hakuna aliyekwenda kuliziba.

Ugonjwa wake ulitokana na mfumo mmoja wa kupanga kurasa. Si ule wa kubonyeza-bonyeza ambao kila karani anao. Huu unauandikia amri. Unaueleza kwa maandishi kwamba aya ianze hatua mbili ndani, kichwa kiwe kinene, fonti iwe fulani. Kisha unauendesha, unasubiri, na ukurasa unatoka umepangika kama wa kiwanda cha vitabu. Ukikosea nukta moja ukurasa hautoki, zinatoka lawama. Bwana Fonti alizipenda hata hizo lawama. Nyumbani hakuna aliyekuwa akimlaumu kwa utaratibu kama huo.

Alipoletewa kadi ya mwaliko wa harusi hakuuliza nani anaoa. Aliigeuza kwenye mwanga akasema, "Hii fonti wameinyoosha kwa nguvu. Tazama herufi o, imekuwa yai."

"Siku yangu ikifika, baba watoto," alisema mkewe, ambaye alikuwa mshona nguo na alikuwa na cherehani sebuleni, "wewe usisome tangazo. Waombolezaji watasubiri kaburini wewe unapima nafasi."

Zamani mtu aliyetaka kuandika alitafuta kwanza la kusema. Karatasi ilikuwa adimu, wino ulimwagika, na kwenye viwanda vya chapa herufi ilikuwa kipande cha risasi chenye uzito mkononi. Hakuna aliyeipanga bila kuwa na hakika. Siku hizi la kusema ndilo linakuja mwisho, linakuta viti vyote vimekaliwa.

Basi Jumamosi moja shangazi yake alikuja.

Shangazi huyu, dada wa baba yake, alikuwa mkunga miaka thelathini na minane. Alianza kazi akiwa msichana wa kubeba maji ya moto, akastaafu akiwa mtu ambaye madaktari vijana walimwita koridoni kwa kunong'ona, wakamuuliza wafanye nini, kisha wakaingia wodini wakafanya kana kwamba wamelifikiria wenyewe. Alikuwa mnene, mwenye mikono midogo ya ajabu, na alikuwa na desturi ya kumtazama kila mtu kichwani kwanza, kama anayekumbuka namna kilivyotoka.

Alikaa kwenye kiti kilicho karibu na dirisha, akaweka miguuni mkoba wake wa zamani wa kazi, na hakuzunguka.

"Mwanangu, nimetoka kwa daktari wa macho. Jicho la kushoto limeshakwenda. La kulia linafuata. Anasema ni ugonjwa unaokula polepole, na kilicholiwa hakirudi. Kanipa mwaka. Nikibahatika, miwili."

"Pole sana, shangazi."

"Pole nitaipokea baadaye. Nina madaftari saba humu." Akaupiga mkoba kwa mguu. "Kila mtoto niliyempokea mwenye habari ya kusimulia, nimemwandika. Lakini niliandika kwa penseli, na penseli yangu siioni tena. Ninakilie kwenye hiyo mashine yako, unitolee kitabu, nikisome. Nisome mimi, usinisomee. Miaka yote hiyo niliandika taarifa, akazisoma mwingine akatia sahihi yake. Mara hii nasoma mwenyewe, kwa jicho langu, kabla mlango haujafungwa."

"Kitakuwa kitabu kizuri, shangazi. Nitakiwekea fonti ya..."

"Sina shida na uzuri. Herufi ziwe kubwa tu." Kwenye stuli palikuwa na ungo wa maharage ambayo mke wa mpwa wake alikuwa akiyachagua. Shangazi akapapasa, akaokota harage moja, akaliweka mezani mbele ya Bwana Fonti. "Hivi. Ukubwa wa maharage."

Bwana Fonti alilichukua lile harage kwa heshima akalitia katika kikombe cha kalamu. Likakaa humo.

Ukweli usemwe: alianza vizuri. Kabla ya chakula cha mchana siku ile ile alikuwa amekwisha kunakili mwanzo wa daftari la kwanza, sentensi kumi na moja. Habari yenyewe ilianza hivi: *Mvua ilianza alfajiri, na mama yule aling'ang'ania fito za dirisha kama anayetaka kuondoka nazo.* Aliuendesha mfumo, ukurasa ukatoka, kila neno lilisomeka. Angeendelea kwa mwendo ule, baada ya miezi miwili madaftari saba yangekuwa kitabu na harage lingerudi kwenye ungo.

Lakini aliutazama ukurasa akakunja uso. Fonti ilikuwa ile inayokuja na mfumo wenyewe, ambayo kila mwanafunzi anaiachia katika tasnifu yake. Angemvika shangazi yake sare ya wanafunzi? Hapana. Akafungua faili jipya, akaliita *mipangilio*, akaandika mstari wa kwanza.

Fonti, kwa mtu kama huyo, si kitu kimoja. Ni ukoo. Kuna herufi za kawaida, kuna nene, kuna za mlazo, kuna nene za mlazo, na kila mmoja wa hao anakaa katika faili lake, na mfumo lazima uambiwe nani ni nani. Fonti ya kwanza aliyoichagua ilikuwamo katika kompyuta yake, anaiona kwa macho, lakini kila akiiita mfumo ulimjibu kwamba haumjui mtu huyo. Wiki tatu! Ikaja kuonekana kwamba faili lina jina moja na fonti iliyomo ndani inajiita jina lingine. Alikuwa kama mtu anayefika kwenye geti la kiwanda akamuulizia ndugu yake kwa jina la utani la nyumbani.

Alipoipata, hakuipenda. Tarakimu zake zilikuwa na mikia iliyoning'inia chini ya mstari. Akatafuta nyingine. Hiyo herufi zake ndogo zilionekana fupi karibu na herufi nene, ikabidi aziambie zikue asilimia nne, kisha tano, kisha akarudi kwenye nne na nusu. Nyingine ilikuwa na tabia ya kuunganisha f na i zikikutana, kitone cha i kikamezwa, na "fito" ikaonekana kama mtu aliyevuliwa kofia. Akaandika amri ya kuzitenganisha. Zikatengana mno. Akaandika amri ya kuzisogeza.

Kisha akaigundua alama ya juu katika "aling'ang'ania". Ilikaa mbali na g yake kama mume na mke waliogombana. Wiki tano nzima, kila mapumziko ya mchana ofisini, chapati yake ikipoa kwenye karatasi, Bwana Fonti alikuwa akiisogeza alama ile kuelekea g, nukta moja ya kumi, kisha mbili za kumi. Siku alipoipatia alimwita mwenzake wa meza ya pili aje aone.

Mwenzake alitazama. "Naona sentensi."

"Huoni ng'?"

"Naiona. Imefanya nini?"

"Imekaa."

"Hongera," alisema mwenzake, akarudi kwenye mita zake.

Na fonti mpya ilipokuja wiki iliyofuata, alama ikahama tena.

Shangazi alikuwa akipiga simu kila mwanzo wa mwezi. Mwanzoni alizungumza marefu, baadaye alikuja kuuliza neno moja tu: "Umefika?"

"Niko kwenye mipangilio, shangazi. Mipangilio ikikaa, maneno ni kazi ya siku mbili."

"Mimi kazi yangu ilikuwa kinyume," alisema shangazi. "Mtoto anakuja, nguo zinatafutwa baadaye."

Bwana Fonti alicheka, akidhani ni utani.

Mwaka ukapita na miezi minane juu yake. Faili la mipangilio lilikuwa na mistari mia saba na kumi na miwili. Faili la maneno ya shangazi lilikuwa na sentensi kumi na moja. Bwana Fonti aliionea fahari moja kati ya namba hizo.

Ndipo shangazi akaja bila kupiga simu. Alikuja ameshikilia ukuta wa kibaraza kwa mkono mmoja, na mkono wa pili umebeba kioo cha kukuzia, kile kikubwa chenye mpini. Alipoingia alikiamkia kiti kilichorundikwa nguo akidhani ni mkwe wake.

"Shikamoo, shangazi. Karibu, huku, nikushike."

"Marahaba. Nimekaa. Kitabu kiko wapi?"

Bwana Fonti alikuwa ameingoja siku hii. Alitoa bahasha, akapanga mbele yake kurasa kumi na nane zilizochapwa kwenye karatasi nzito ya rangi ya maziwa.

"Hizi ni za kuchagua, shangazi. Kila ukurasa fonti yake. Hii ya kwanza ina utulivu. Hii ya pili ina hadhi, lakini ni baridi kidogo. Hii ya tatu..."

Shangazi alikuwa amekwisha kuunyanyua ukurasa mpaka puani, kioo kikiwa katikati.

"Nilikuomba maharage," alisema. "Umeniletea chenga za mchele."

"Huo ndio ukubwa wa vitabu vya heshima, shangazi. Herufi kubwa ni za chekechea. Zinavunja mizani ya ukurasa."

"Mizani ya ukurasa." Aliyarudia maneno hayo taratibu, kama anayeonja dawa. "Haya."

Cherehani ya mke ilinyamaza. "Shangazi, mimi nilimwambia mchagua jembe si mkulima. Akaniambia hili si jembe, ni fonti."

"Wewe mama, huku tunafanya kazi," alisema Bwana Fonti.

"Nani anafanya?"

Shangazi alikuwa akisoma, neno baada ya neno, midomo ikisogea. Alimaliza ukurasa wa kwanza akachukua wa pili. Kisha wa tatu. Kwenye wa nne alikishusha kioo.

"Mbona ni yuleyule?"

"Ni sentensi zilezile kwa makusudi, shangazi, ili ulinganishe..."

"Mwanangu. Mama huyu mimi nilimzalisha asubuhi moja. Saa tano mvua haijakatika, tayari anakunywa uji. Wewe umemweka leba mwaka na miezi minane, bado anang'ang'ania dirisha." Aliupapasa ukurasa. "Mtoto ametoka?"

Bwana Fonti akatazama kikombe cha kalamu.

"Nimekuuliza, ametoka?"

"Bado, shangazi. Nimenakili sentensi kumi na moja. Lakini mipangilio iko tayari. Karibu tayari."

Mkewe alikuwa amejiandaa kucheka, hakucheka.

"Na duara?" aliuliza shangazi. Kila habari katika madaftari yake aliianza na alama: duara dogo kwa mtoto aliyeishi, mstari mfupi kwa ambaye hakuishi. Alikuwa ameweka ncha ya kidole juu ya sentensi ya kwanza, penye weupe mtupu. "Hapa niliweka duara. Huyu aliishi. Leo ana malori mawili."

Bwana Fonti alichukua ukurasa, akachukua wa pili, akazipitia zote kumi na nane. Duara halikuwamo hata katika mmoja. Akakimbilia kompyuta. Mfumo ule, kila unapoendeshwa, unaacha nyuma faili refu la kumbukumbu, maelfu ya mistari inayoeleza kila ulichokifanya, na humo, chini kabisa, ulikuwa umemwambia siku zote: alama hii haimo katika fonti hii. Mara mia ngapi! Hakuwahi kusoma. Alikuwa akitazama ng'.

"Fonti hazina alama hiyo, shangazi. Mfumo ukikosa alama hausimami. Unairuka tu, unaendelea."

"Unairuka," alisema shangazi. "Mtoto mzima."

Akasimama, akaomba madaftari yake. Bwana Fonti alimsihi ampe hadi Jumamosi; alisema ni namba moja tu, kumi iwe ishirini na nne, herufi zote zitakua mara moja, aone mwenyewe. Akaibadilisha palepale, shangazi amesimama na mkoba mkononi. Ilikuwa namba ambayo hajaigusa tangu siku ya kwanza. Mistari mia saba na kumi na miwili, iliyopimwa kwa nukta za kumi kwa ajili ya chenga za mchele, ikamwangukia. Maneno yakatoka nje ya pambizo, alama za juu zikapanda mgongoni mwa herufi, na "fito" ikakatika katikati.

"Usijisumbue, baba," alisema shangazi, na hakusema kwa hasira. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mkewe ndiye aliyemshika shangazi mkono kuvuka barabara.

Kwenye baraza la ofisi ya ardhi alikuwa amebaki mpiga chapa mmoja. Zamani walikuwa tisa, wamepangana kama ndege kwenye waya, na mtu mwenye shauri alichagua amwendee nani kwa jinsi anavyojua kupamba malalamiko. Wanane wameondoka, mmoja mmoja, na meza zao. Asidhani mtu kuwa huyu wa tisa alibaki kwa ubora. Alikuwa mzee wa kisirani, sikio moja bovu, aliyegombeza wateja kama watoto waliokojoa kitandani, na nusu ya makosa yake aliyaacha kwa sababu hakuyaona. Ila akikaa kwenye mashine, anapiga.

Mke wa Bwana Fonti aliacha cherehani kila asubuhi akaenda kumsomea madaftari, naye akayapiga. Siku ya sita Bwana Fonti alishindwa kuvumilia. Alikwenda saa ya mapumziko, akasimama nyuma ya mashine, akainama.

"Shikamoo, mzee. Hiyo ni fonti gani?"

"Nini?"

"Fonti!"

"Hii ni mashine, kijana. Ina herufi. Ukipiga, zinatoka."

"Naona e inaruka juu ya mstari."

"Inaruka tangu hujaoa. Hajarudi mtu hapa kuniambia alinyimwa kiwanja kwa sababu ya e."

"Na duara?" aliuliza Bwana Fonti, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Lile duara la mwanzo umelifanyaje? Mashine haina alama hiyo."

Mzee alimtazama kana kwamba ameulizwa namna ya kumeza mate. "Nimepiga o."

Mke hakuinua macho kwenye daftari. "Mtoto wa mia na tatu," alisema kwa sauti kubwa, upande wa sikio zima. "Duara." Na mashine ikagonga, o.

Wiki tano, madaftari yakaisha. Duka la kopi liliyapanua maandishi mara mbili, kisha mara mbili tena, kwenye karatasi kubwa za ramani, mpaka herufi zikawa, mke aliipima moja kwa harage lililotoka kwenye kikombe cha kalamu, sawasawa. Zilikuwa karatasi tisini na sita. Kamba ilipitishwa kwenye matundu, mafundo mawili. Hakijawahi kuonekana kitabu kibaya kuliko hicho.

Shangazi alikisoma dirishani kwake, asubuhi kukiwa na mwanga mzuri. Mwanzoni alisoma karatasi nne kwa siku, akicheka peke yake mpaka majirani wakagonga kujua kuna nini. Baadaye mbili. Baadaye moja, kwa mapumziko. Alipofika karatasi ya sitini na moja jicho lilifunga. Hapakuwa na kishindo. Asubuhi moja aliomba dirisha lifunguliwe, akaambiwa liko wazi.

Zilibaki karatasi thelathini na tano. Hesabu hiyo Bwana Fonti hakuhitaji mfumo kuipiga. Kitabu kingetoka mwezi wa tatu tangu aletewe madaftari, shangazi angekisoma chote, akakirudia, na akapata muda wa kukichoka.

Basi ikawa kila Jumamosi anakwenda kumsomea, jambo lilelile ambalo shangazi alisema hataki. Alikaa kwenye kiti cha dirishani, karatasi kubwa zimemfunika magoti, akasoma kwa sauti yake ya taarifa za maji. Akijikwaa kwenye kosa la mpiga chapa, shangazi alimpa neno sahihi kutoka kitandani kabla hajauliza.

Jumamosi ya pili shangazi alisema, "Rudi nyuma kidogo. Kuna karatasi nimeikunja pembe."

Ilikuwa ya arobaini. Bwana Fonti akasoma.

"*O. Mtoto wa kaka yangu. Kichwa kilionekana saa nne asubuhi, kikarudi ndani. Mama yake alilia, mimi nikangoja. Saa nane kikaonekana tena, kikarudi. Nilidhani kuna jambo. Hakukuwa na jambo. Alitoka kesho yake mchana, mzima, ana uso wa mtu aliyesumbuliwa. Hakukosa kitu ila haraka.*"

Aliishusha karatasi. Nje mtu alikuwa akiburuta ndoo.

"Hiyo iko daftari la tatu," alisema shangazi. "Ungekuwa umefika, ungeiona."

"Ndiyo, shangazi."

Alizipanga karatasi vizuri magotini, kingo zikalingana. Akaipitisha ncha ya kidole juu ya neno moja, kisha jingine, na shangazi, ambaye hakuona, alisikia kidole kikitembea.

"Shangazi," alisema Bwana Fonti, "nimeona juzi fonti moja inayofanana kabisa na hii ya mashine. Nadhani naweza kuiandikia amri, hata e ikawa inaruka vilevile. Tukaliweka na duara la kweli. Toleo la pili..."

Shangazi aligeuza kichwa ukutani.

"Soma, baba," alisema. "Ya sitini na nane. Soma."